Paka Wanaolia Usiku

Wasikilizaji, tangazo mmelisikia. Paka wa sokoni na wa dikoni wataondolewa, kwa kuwa wamezidi na vilio vyao vya usiku vimewachosha watu. Ametajwa askari, limetajwa gari, yametajwa magunia. Daktari wa mifugo hakutajwa. Yuko wapi?

Vilio hivyo si ugonjwa, wala si mashetani. Ni paka jike aliyepata joto. Juzi mmoja alikuwa hapa kizingitini petu. Anagaagaa sakafuni, anajisugua kwenye mlango, ukimgusa mgongo anainamisha kifua na kuinua kiuno, mkia kaupeleka kando, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga. Jirani mmoja alidhani ana maumivu, mwingine akammwagia maji. Maskini, hakuwa na kidonda. Alikuwa akiita dume, na mashume watatu walikwishapanda ukutani.

Joto hilo huchukua kama wiki moja. Asipopandwa hutulia, na baada ya wiki 2 au 3 humrudia. Humrudia tena, na tena. Ulaya, mchana ukifupika wakati wa baridi, majike hupumzika. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, basi paka wetu hana msimu wa kupumzika. Yai lake hushuka kwa sababu ya kule kupandwa, ndiyo maana mimba haikawii kushika, na vitoto vya tumbo moja vyaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Wiki 9, amezaa. Wiki chache tena, vitoto vingali vinanyonya, analia. Na binti yake aweza kuanza akiwa na miezi 4 tu.

Daktari wa mifugo anayajua haya yote. Yuko wapi? Ng'ombe ana chanjo, mbuzi ana dawa, paka hayumo kwenye bajeti. Mwaka jana hakuwemo. Mwaka huu hayumo.

Zoeni paka leo. Vichwa vya samaki vitatupwa palepale kesho, na paka wengine watavifuata. Lakini jike aliyefungwa kizazi, akakatwa ncha ya sikio ili ajulikane, akarudishwa alikotoka, halii, hazai, na mgeni hamwachii nafasi. Lamu kazi hiyo inafanywa. Sindano za kuzuia joto tusizikimbilie: zikirudiwarudiwa huleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti.

Waheshimiwa madiwani, simamisheni hilo gari! Tuliosoma chuo cha Kurani tunakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Gunia nalo ni kumfungia. Mwiteni daktari wa mifugo, mpeni chumba, mpeni nyuzi na dawa ya usingizi, mwandikeni paka kwenye bajeti!

Nanyi wenye nyumba, msingoje madiwani. Paka wako ametimiza miezi 4 au 5? Mpeleke akafungwe kizazi kabla hajaanza kulia. Na huyo anayelia usiku wa leo, weka ndoo ya maji chini. Mwingize ndani, funga madirisha, mpe chakula na pa kulala, mvumilie hiyo wiki moja. Akitulia, mbebe kwenye kikapu, umpeleke kwa daktari.