Vitabu Vilifika, Alama Zikabaki Palepale

Mwaka 1996, shule za msingi 25 huko Busia, magharibi mwa Kenya, zilipokea vitabu vya kiada bila malipo. Matarajio yalikuwa makubwa. Lakini watafiti, akiwemo mwanauchumi Michael Kremer, walipolinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazikupata msaada huo, wastani wa alama haukutofautiana. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali.

Vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao. Walivifungua, wakashindwa kuvisoma.

Msikilizaji, hapo ndipo penye tatizo la shule nyingi za maeneo ya kimaskini. Katika darasa moja wamo anayesoma hadithi nzima na asiyeijua herufi. Mwalimu anakimbizana na silabasi, basi anafundisha wanaomfuata. Waliobaki nyuma wanavushwa mwaka hadi mwaka, daftari zimejaa maandishi waliyonakili ubaoni.

Mwaka 2005, magharibi hiyohiyo ya Kenya, shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada kwa ajili ya darasa la kwanza. Takriban nusu yake ziligawa wanafunzi kwa bahati nasibu, nusu nyingine kwa uwezo wao. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa uwezo ziliongoza. Wenye nguvu walipanda, na wanyonge, ambao wengi walihofia wangetelekezwa, nao walipanda. Mwalimu alikuwa amepata nafasi ya kuwafundisha walipo.

Nchini India, shirika la Pratham limelifanya wazo hilo kuwa kazi ya kila siku. Mtoto anaitwa mmojammoja, anapewa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Anapokwama, hapo ndipo kundi lake. Kwa muda fulani wa siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano hukaa kwa kiwango cha kusoma, si kwa umri. Anayepiga hatua anahamishwa mara moja. Bila kuhama huko, kundi linageuka jela, na mtoto anabandikwa jina la mjinga.

Kenya nayo ilianzisha mpango wa Tusome mwaka 2015. Safari hii vitabu havikwenda peke yake. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata chake, kilichoandikwa kwa kiwango chake. Mwalimu akapata mwongozo wa somo kwa somo. Na maafisa wa elimu wakaingia madarasani na vishikwambi, wakasikiliza watoto wakisoma, kisha wakaketi na mwalimu kumshauri. Usomaji wa Kiswahili na Kiingereza ulipanda.

Umaskini haujaondoka katika shule za maeneo hayo ya kimaskini. Njaa bado inamtoa mtoto darasani, na chumba chenye watoto 80 kinamchosha mwalimu yeyote. Serikali haina kisingizio cha kuyaacha hayo.

Hata hivyo, walimu wakuu wasisubiri. Muhula ukifunguliwa, kila mtoto wa darasa la nne asomeshwe aya moja kwa sauti, kiwango chake kiandikwe, na ratiba itenge saa moja ya makundi kila siku. Wazazi nao, kwenye kikao cha shule, waulize ni watoto wangapi wanaoweza kuisoma aya hiyo.