Nimepandishwa, Nimepandishiwa



Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la tafsiri, mimi huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni sentensi mbili za Kirusi kwa herufi zetu. Ya kwanza ni menya povysili. Ya pili, mne povysili zarplatu. Kitenzi ni kilekile, povysili, wamepandisha. Mwanafunzi aliyezoea kupitia Kiingereza huziona karibu sawa, akaandika "raise" kotekote. Amekosea. Ya kwanza inasema mtu amepandishwa cheo. Ya pili inasema kilichopanda ni mshahara, cheo chaweza kuwa palepale. Kinachozitenga ni umbo la neno "mimi": menya ni mimi ninayetendwa, mne ni mimi ninayetendewa.

Sasa sikilizeni Kiswahili chenu. Nimepandishwa. Nimepandishiwa mshahara. Irabu moja, ile i ya kutendea, imefanya kazi ambayo Mrusi huifanya kwa kubadili kiwakilishi. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba njia ya kutoka Moscow kuja kwetu lazima ipitie London. Kwenye habari ya mshahara, Kiswahili kinamwelewa Mrusi upesi zaidi. Kiingereza hakina hiyo i, kwa hiyo kinabadili neno zima: "I was promoted" kwa cheo, "I got a raise" kwa mshahara, na ukimwandikia Mwingereza, andika "pay rise", maana hiyo "raise" ni ya Wamarekani.

Naomba tutulie kidogo hapo kwenye "got". Kwa Mrusi, povysili iko katika wingi na haina kiima. Wamepandisha, lakini wao ni nani? Bosi? Bodi? Wizara? Sarufi haisemi, na msemaji haoni haja ya kusema. Kwetu ni vilevile: mtu akisema "wameniongezea mshahara", hakuna anayeuliza hao ni akina nani. Lakini Kiingereza kinapoanza na "I got", mtoaji ametoweka na mpokeaji amewekwa mbele kama mtu aliyekwenda mwenyewe kuchukua chake. Katika barua kwa rafiki, hilo halina ubaya. Katika maelezo ya mfanyakazi mbele ya mahakama ni jambo zito, kwa kuwa aliyepewa anaweza kuonekana aliyedai. Hapo mimi huandika "they raised my pay", na mhariri akilalamika kwamba haina ladha, naiacha hivyohivyo.

Mrusi akitaka kusema kwamba alidai, maneno anayo. Huchukua kiambishi vy-, chenye maana ya kutoka nje, akakibandika mbele ya kitenzi. Vyprosil pribavku: aliomba mpaka nyongeza ikatoka. Vybil pribavku: alipiga mpaka ikatoka, na kitenzi hicho ndicho cha kukung'uta vumbi kwenye zulia. Kwa upande wa pili kuna nakinuli, wamemtupia kitu juu, kama mtu anavyojitupia koti mabegani akitoka mlangoni. Ukizitafsiri zote kwa "increase", umefuta jasho la mmoja na wepesi wa mkono wa mwingine.

Liko pia neno indeksatsiya. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Kazi ya Urusi, iliyoanza kutumika 2002, kinalitaja pale bei za bidhaa na huduma zinapopanda. Hapo mshahara unakimbizana na bei, na mtu anaweza kuongezewa hivyo asiongeze hata mkate mezani. Kuiita "raise" ni kumpongeza mtu kwa kubaki alipokuwa.

Hesabu nazo zina mitego. Mrusi husema na ruki, mkononi, kama sisi, akimaanisha kinachobaki baada ya kodi. Na huhesabu kwa mwezi. Neno letu mshahara limebeba mwezi ndani yake tangu lilipotoka Uarabuni, kwa hiyo hatushangai. Mmarekani akisoma rubli 100,000 bila kuelezwa, anaweza kudhani ni za mwaka mzima, kumbe za mwaka ni 1,200,000.

Zamani Warusi walisema zhalovanye, kutokana na kitenzi cha kutunuku: malipo yalikuwa hisani ya mkubwa. Katika hadithi ya mwandishi Gogol ya 1842 kuhusu koti, karani Akaky Akakievich analipwa rubli 400 kwa mwaka. Anahitaji koti la rubli 80, na anajinyima chai ya jioni na mshumaa ili aweke akiba. Sikukuu inapofika, mkurugenzi wake anampangia tuzo ya rubli 60, ilhali yeye alitarajia kama 40. Hapa kiima kipo waziwazi, ni mkurugenzi. Kisha Gogol anauliza kama mkubwa huyo alihisi kwamba karani wake anahitaji koti, au ilitokea tu, na hajibu. Mfasiri akiandika kwamba Akaky "alipata" rubli 60, swali hilo linabaki linaning'inia, maana hakuna tena mtu wa kuulizwa kama alihisi.