Likizo Hii, Twendeni Ziwani

Msikilizaji wangu wa Shinyanga na Kahama, na wewe unayenisikiliza ukiwa Geita, Katoro au Nyarugusu, shule ziko likizo, pamba iko sokoni, barabara zimekauka. Huu ndio msimu ambao mtu aliyeuza pamba vizuri, au mchimbaji wa dhahabu ambaye mawe ya duara lake yametoa kitu karashani, humwambia mama watoto: mwaka huu tutembee. Ukimuuliza wapi, jibu ni Dar es Salaam au Zanzibar.

Siwapingi. Ila tangu mwaka 2009 Shinyanga na Kahama tunakunywa maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Wapo watoto Kahama wanaoogeshwa na ziwa hilo kila asubuhi na hawajawahi kuliona kwa macho. Hilo linaniuma. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko umbali wa saa chache kwa basi, na sisi tunalijua kwa bomba na kwa sangara wa kukaanga.

Basi leo nizungumze na anayetaka kuipeleka familia yake kando ya ziwa, kwa meli na kwa barabara. Neno langu kubwa ni hili: safari ya ziwa inapangwa kuanzia majini. Wengi tunaanza na basi, tunafika Mwanza jioni, ndipo tunaulizia meli. Tunaambiwa imeondoka jana. Anza na kuuliza meli inaondoka siku gani na saa ngapi, na kama haitaondoka utapita njia ipi. Ukishapata majibu hayo, basi na nyumba ya kulala wageni vitajipanga vyenyewe.

Mzunguko ninaoupenda ni huu. Unatoka Shinyanga asubuhi, kilomita mia moja na sitini na kitu, unafika Mwanza mchana na bado una muda wa kuwaonyesha watoto mawe ya Bismarck. Usiku unapanda meli ya Bukoba. MV Victoria ni mzee wa mwaka 1961, ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020. Mkiwa katikati ya giza, watoeni watoto nje kidogo, muwashike mikono, waone taa za wavuvi wa dagaa zilivyotapakaa majini kama mji. Lakini angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na wavuvi wengi hupumzika.

Asubuhi mko Bukoba, kwenye ndizi na kahawa ya kutafuna. Kurudi, msirudi na meli. Shukeni kwa barabara, ziwa likiwa mkono wa kushoto hata pale msipoliona: Muleba, Muganza, Chato, Katoro, Geita. Hapo Muganza msipite haraka. Kuna mwalo wa Kasenda, ambako boti huvusha watu kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Ina kilomita za mraba 456 na ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1977. Sokwe waliomo ni uzao wa sokwe waliorudishwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, wengine wakiwa wamekulia kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Waliachiwa msituni, wakajifunza upya kula majani ya mwitu. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni, na bado wazungu wanakijua kisiwa hicho kuliko sisi wa Geita.

Ukiwa mwaloni asubuhi, tazama kazi ya akina mama. Dagaa wanamwagwa kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, wakiwa bado wanateleza, na akina mama wanapita wameinama wakiwatawanya wasigandamane. Jua likiwa la utosi wanageuzwa. Jioni wanazolewa, wakavu, wakilia kwenye gunia. Dagaa unaowanunua kwa kopo sokoni Katoro wamepita kwenye migongo hiyo. Mtoto akiona hivyo hataacha dagaa kwenye sahani.

Kipande cha mwisho, kutoka Sengerema kuvuka kwenda Misungwi, kimebadilika kabisa. Busisi tulikuwa tunasubiri pantoni saa nzima, saa mbili, wagonjwa wakiwa kwenye magari. Tangu tarehe 19 Juni 2025 tuna daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, na unavuka kwa dakika chache. Nimefurahi kama kila mtu wa ukanda huu.

Lakini kwenda visiwani bado tunategemea vyombo vya majini, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Juni mpaka Agosti mvua huwa chache, lakini upepo wa kusi huchafua ziwa. Halafu usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana katikati ya ziwa, hewa ya joto hupanda na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri. Nahodha akisema leo hatuondoki, mshukuru. Weka siku moja ya akiba kwenye ratiba na fedha ya kulala siku hiyo, ili usije ukamlazimisha mtu, wala kupanda mtumbwi kwa sababu kesho unatakiwa kazini.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba watu 430, ilizama karibu na Mwanza. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kutia nanga kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Ukiona chombo kimejaa, shuka na watoto wako, hata kama nauli imeshalipwa. Ulizia jaketi okozi za watoto kabla ya kamba kufunguliwa, na mvalishe mtoto wewe mwenyewe. Na ufukweni, penye matete na maji yaliyotulia, msioge: kichocho kiko hapo.

Nina ombi kwa wanaohusika. Stendi za Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro zina ratiba za mabasi ya Dar es Salaam, Arusha na Mbeya. Ya meli ya Bukoba haipo. Ya meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, haipo, wala ya kivuko cha Kisorya na Rugezi kinachomwezesha mtu kwenda Ukerewe kwa meli na kurudi kwa barabara ya Bunda. Zibandikwe ukutani, siku, saa na nauli, pamoja na idadi ya abiria ambayo kila chombo kimeruhusiwa kubeba, na zibadilishwe kila ratiba inapobadilika.