Kalamu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Chama chetu kimezoea kusaidia kwa sanda, kwa nauli ya kusafirisha maiti na kwa chakula cha matanga. Huo ni wajibu, wala hatuudharau. Leo twaomba ruhusa kunena juu ya msaada mwingine usiohitaji fedha nyingi, nao ni karatasi na kalamu.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Alimtaka binti yake ashike wino na karatasi, akamtungia utenzi wa mausia juu ya dini, adabu na ndoa, akamalizia kwa dua ya kuomba afya. Baadhi ya mausia yale huenda yasiwafae mabinti wa leo; lakini yule binti hakuachwa mikono mitupu mama alipofariki. Vivyo hivyo Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe, aliutia msiba wake katika shairi aliloliita kwa jina la marehemu, Amina. Wanawe nao aliwatungia tenzi za kuwaongoza.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwaka uliopita tulimzika mwenzetu aliyeugua miezi minane, akili yake ikiwa timamu. Tulikwenda kumjulia hali, tukampa pole. Hata mmoja wetu hakumwuliza kama alikuwa na neno la kuandikwa. Kabla ya arobaini, mjane na shemeji zake walivutana juu ya ng'ombe na karo ya mtoto, kila mmoja akidai, "Marehemu aliniambia hivi." Tulipoitwa kusuluhisha, hatukuwa na la kushika. Kosa lile ni letu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata upendo waweza kupotea hivyo. Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali kwamba kila wajumbe waendapo kumtazama mgonjwa, wachukue daftari. Asiyejua kuandika aandikiwe na kijana wetu, asomewe maneno yake mbele ya mashahidi wawili, kisha Katibu ayahifadhi. Yasiwe hesabu ya mali tu. Awaage watoto, aombe radhi, na asamehe.

Wengine watasema kuandika wasia ni kujiitia mauti. Wazee wetu, mauti huja bila kuitwa. Tusimngoje mwenzetu mwingine anyamaze.