Beki wa Pembeni Naye Ashambulie

(Maneno ya mwalimu mbele ya vijana wa timu za zoni, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimeombwa niseme juu ya mpira, nami nimepewa dakika chache kabla ya ngoma. Nitasema juu ya namba 2 na ndugu yake namba 3 tu. Katika timu zetu za kambi hao ndio watoto wa kambo. Mwenye chenga anapewa namba 10, mwenye mbio anapewa namba 7 au 11, na anayebaki anaambiwa, "Wewe kaa nyuma, usivuke mstari wa katikati." Akivuka na mpira ukapotea, anapigiwa kelele na uwanja mzima, na mara nyingi anatolewa. Nimeona vijana wakiacha kuja mazoezini kwa sababu hiyo. Kijana aliyeacha mazoezi hapa kwetu, saa za jioni anazipeleka wapi? Wazazi mnajua jibu.

Amri hiyo ya kutovuka ninaipinga. Timu ambayo mabeki wake wa pembeni hawapandi, winga wake anakabwa na watu wawili mchezo mzima, kisha tunasema winga ni mbovu.

Chuoni tulifundishwa kuanza na kile mwanafunzi anachokijua. Wengi wenu mliwafuata Djuma Shabani na Joyce Lomalisa, Wakongo waliocheza beki ya kulia na ya kushoto ya Yanga katika msimu wa 2022/2023, timu ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hao hawakukaa nyuma kama walinzi wa ghala.

Lakini mfano ninaoupenda kufundishia ni wa zamani. Ni fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1970, mjini Mexico, Brazil na Italia. Dakika ya 86 Carlos Alberto, beki wa kulia na kapteni wa Brazil, alifunga goli la nne, na mchezo ukaisha 4 kwa 1. Watu wanakumbuka shuti. Mimi nawaomba mtazame kilichotangulia. Jairzinho, winga wa kulia, alikuwa amehamia upande wa kushoto, na beki wa Italia aliyemkaba, Facchetti, akamfuata. Basi upande wa kulia ukabaki mtupu kama uwanja wa shule siku ya likizo. Pelé alipopata mpira mbele ya eneo la hatari hakuharakisha. Alingoja, akausukuma taratibu kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na Carlos Alberto akafika pale pamoja na mpira.

Hilo ndilo somo lenyewe. Beki hapandi ili akasimame mbele angoje mpira. Akisimama pale, anakabwa, tena ameziba njia ya winga wake. Anapanda ili afike. Na wakati wa kuanza mbio ni pale mwenzake anapogeuka na mpira na kuinua kichwa. Ukianza kabla, umeshaonekana. Ukianza baadaye, mwenzako ameshazungukwa. Winga akiwa amekaa kwenye mstari wa pembeni, wewe pita ndani yake. Akiingia ndani, wewe pita nje. Msipite njia moja watu wawili.

Kabla ya hapo kuna jambo dogo linalowashinda wengi, nalo ni kupokea mpira. Vijana wetu wanapokea wakiwa wameelekea goli lao wenyewe. Simama ubavu, mgongo uelekee mstari wa pembeni, uone uwanja wote, upokee kwa mguu ulio mbali na mpira. Mguso mmoja tu, tayari unatazama mbele.

Sasa krosi. Hapa kwetu krosi maana yake ni kupiga juu kwa nguvu na kumwachia Mungu. Kipa anashukuru. Inua kichwa kwanza. Kama mabeki wao bado wanakimbia kurudi, piga mapema, mpira upite kati yao na kipa. Kama umefika karibu na mstari wa goli, rudisha chini kwa mwenzako anayekuja kwenye nukta ya penalti. Mabeki wao wakati huo wanatazama goli lao, hawamwoni anayetoka nyuma, na mwenzako akiwa nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea.

Alphonso Davies alifanya hivyo tarehe 14 Agosti 2020, Bayern Munich ilipoifunga Barcelona 8 kwa 2. Alimpita Nélson Semedo upande wa kushoto, akaenda mpaka karibu na mstari wa goli, akamrudishia Joshua Kimmich, goli. Huyo Davies alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam, nchini Ghana, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya Liberia. Sitawadanganya kwamba kila kijana wa kambi atafika huko; yeye alihamishiwa Kanada akiwa na miaka mitano. Ninamtaja kwa sababu alikuwa winga, akawekwa beki, na hakuona kwamba ameshushwa cheo. Wageni wetu wa mashirika nao wajue kwamba kule Kanada alianzia katika ligi ya bure ya watoto baada ya masomo.

Makocha mtaniuliza: akipanda, nani analinda? Swali ni la haki. Namba 2 akipanda, namba 3 anabaki na kuingia ndani karibu na mabeki wa kati, na namba 6 anasogea upande ulioachwa wazi. Wapatane kwa sauti: "Napanda!" "Nenda!" Asipojibiwa, asiende. Na mpira ukipotea, kosa ni la wote watatu, si la mtoto mmoja wa kutolewa nje.

Juu ya mazoezi nitasema kidogo. Mpira wetu wa mifuko na kamba unafaa kwa pasi za chini na kwa kuzoeza mguu dhaifu ukutani, lakini krosi ya juu haujifunzi nao, kwa maana hauruki. Kwa hiyo naiomba Kamati mipira miwili ya ngozi iwe ya mazoezi tu, isifungiwe stoo mpaka siku ya mechi.

Nitakuwa uwanja wa shule Jumanne na Alhamisi, saa 10 alasiri. Namba 2 na namba 3 wa kila zoni waje, wasichana pia, pamoja na namba 6 wao. Tutaanza na "Napanda" na "Nenda", bila mpira.