Dawa, Kinga na Asilimia: Kiswahili cha Habari za Utafiti Magazetini

Mwezi Julai 1990, jijini Nairobi, Rais Daniel arap Moi alizindua rasmi Kemron, dawa iliyotokana na utafiti uliofanywa katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI. Kemron ilikuwa interferoni ya alfa, kwa kiwango kidogo mno, iliyowekwa mdomoni ikayeyuka. Utafiti ulioitangaza haukuwa na kundi la kulinganishia, yaani wagonjwa wasiopewa dawa hiyo ambao hali yao ingeonyesha kama nafuu iliyodaiwa ililetwa na interferoni au na jambo jingine. Hata hivyo habari ilienea upesi, na wagonjwa wakaitafuta kwa gharama kubwa. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida iliyotangazwa. Mathalani, lile la Uganda, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 500 na kuchapishwa mwaka 1998, lilikuta kwamba waliopewa interferoni hawakupata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kisa hicho huelezwa aghalabu kama kisa cha siasa kuingilia sayansi, na ni kweli. Lakini kina upande wa kiisimu usiozungumzwa sana. Neno "dawa" katika Kiswahili ni pana. Ipo dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu. Kiunganishi "ya" hakisemi kama kitu hicho huponya, huua, hung'arisha au hutuliza. Kirai "dawa ya UKIMWI" kwa hiyo chaweza kumaanisha kitu kinachouondoa ugonjwa mwilini, au kinachompa mgonjwa hamu ya chakula tu. Mtafiti hukusudia maana ya pili, msomaji mwenye mgonjwa nyumbani husoma ya kwanza, na hakuna aliyesema uongo.

Ni desturi kumlaumu mwandishi wa habari peke yake, lakini lawama hiyo haitoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff nchini Uingereza, waliochapisha kazi yao mwaka 2014, walichunguza taarifa 462 za utafiti wa afya ambazo vyuo vikuu 20 viliwapa wanahabari mwaka 2011. Asilimia 40 ya taarifa hizo zilitoa ushauri uliotiwa chumvi kuliko makala ya kitaaluma yenyewe. Taarifa ya chuo ilipotia chumvi ya namna hiyo, asilimia 58 ya habari za magazetini nazo zilikuwa nayo. Isipotia, ni asilimia 17 tu. Chumvi basi huanza kutiwa chuoni. Kwa gazeti la Kiswahili, linalopokea habari hiyo kwa Kiingereza na kuifasiri usiku uleule, ipo hatua moja zaidi ya kupotoka.

Hatua hiyo huonekana hasa katika vitenzi. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda kiambishi -a-, ambacho vitabu vya sarufi hukiita cha wakati usiodhihirika: "wanasayansi wagundua", "chanjo yapatikana". Jina hilo la kisarufi lina kejeli yake, maana kichwani mwa gazeti kiambishi hicho hudhihirisha kuliko vyote. Zaidi ya hayo, kitenzi "kugundua" hudai kwamba kilichogunduliwa kipo kweli. Mtu hagundui kisichokuwapo. Anayeandika "wagundua" amekwisha kuamua kesi. Lugha haikupungukiwa: zipo "huenda", "yamkini", "inaelekea", na vitenzi kama "kuona dalili" na "kukisia". Maneno hayo hayapotei kwa kukosa nafasi tu. Katika chumba cha habari, "huenda" husikika kama woga.

Takwimu ndizo ngumu zaidi. Jaribio la tohara lililofanywa Kisumu, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, lilikuwa na wanaume 2,784. Kwa muda wa miaka miwili, katika kundi lililotahiriwa waliambukizwa virusi 22. Katika kundi lililokuwa bado, 47. Kwa makadirio ni takribani wanaume 2 katika kila 100 upande mmoja, na 4 katika kila 100 upande wa pili. Hatari imepungua kwa asilimia 53. Tofauti yenyewe ni wanaume 2 katika kila 100. Kauli zote mbili ni sahihi, na pungufu hilo si dogo mahali penye maambukizi mengi. Ndiyo maana Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara iongezwe kwenye njia nyingine za kujihadhari. Lakini maneno "tohara ni kinga kwa asilimia 53" ni jambo jingine kabisa. Msomaji aweza kuelewa kwamba nusu ya waliotahiriwa hawaambukiziki tena, naye akajihesabu katika nusu hiyo. "Tohara" nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, imebeba maana ya usafi, na "kinga" ni neno lilelile linalotaja nguvu ya mwili inayoharibiwa na UKIMWI. Maneno mawili mazito yakikutana na asilimia isiyoelezwa, mwanamume aacha kondomu, na mkewe ndiye anayelipa. Majaribio hayo hayakuwaahidi wanawake kinga yoyote ya moja kwa moja.

Upo pia mfano wa kupendeza. Dawa zinazozuia virusi kuzaliana zilipoenea miaka ya 2000, zingeweza kuitwa "dawa ya UKIMWI" na kurudisha mkanganyiko uleule wa mwaka 1990. Badala yake yalienea magazetini na zahanati maneno "dawa za kupunguza makali" na, hasa Tanzania, "dawa za kufubaza virusi". Kitambaa kilichofubaa hakijatoweka. Kimepoteza nguvu ya rangi yake. Mgonjwa anayeambiwa kwamba virusi vyake vimefubazwa ameambiwa, kwa neno moja, kwamba dawa inafanya kazi na kwamba asiiache.