Kocha wa Muda: Apewe Timu au Arudi Alikotoka?

Mada kwa ajili ya semina ya viongozi na watendaji wa klabu za mpira wa miguu

1.0 Utangulizi



Waandaaji wamenipa swali moja: kocha aliyeshika timu kwa muda akifanya vizuri, akabidhiwe moja kwa moja? Barua ya mwaliko imenitaka pia nigusie dhana, changamoto na fursa. Dhana nitazipitia haraka kwa kuwa kila aliyemo ukumbini anazijua. Fursa zitajitokeza zenyewe. Muda wetu mwingi utaliwa na changamoto, na kwa maoni yangu kubwa ni moja tu: barua ya kukaimu.

2.0 Dhana

Kocha mkuu ni mwenye dhamana ya mwisho ya benchi la ufundi. Kocha msaidizi humsaidia. Kocha wa muda, au kaimu, ni yule anayeshika timu pale kibarua cha mkuu kinapoota nyasi, au mkuu mwenyewe anapoaga. Mara nyingi huwa ni msaidizi aliyekuwepo. Wakati mwingine hutolewa timu ya vijana, timu ya wanawake au klabu nyingine. Hayo yanatosha.

3.0 Uzoefu

3.1 Nje ya nchi

Swali hili likiibuka, jina la kwanza kutajwa ni Ole Gunnar Solskjaer. Manchester United walimpa timu Desemba 2018, siku moja baada ya kumwondoa José Mourinho, kwa makubaliano ya kufika mwisho wa msimu. Alishinda mechi 14 kati ya 19, ikiwemo ile ya Paris iliyowatoa PSG kwenye Ligi ya Mabingwa. Uongozi haukusubiri msimu uishe. Machi 28, 2019 ukampa mkataba wa miaka 3. Katika mechi 10 zilizobaki alishinda 2. Wanaompinga kaimu hukomea hapo. Hawasemi kwamba msimu wa 2020/21 kocha huyo huyo alimaliza wa pili kwenye ligi na kufika fainali ya Europa, kabla ya kuondolewa Novemba 2021.

Roberto Di Matteo alipewa Chelsea Machi 2012, akatwaa Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa ndani ya miezi mitatu, akasainishwa miaka 2, na Novemba mwaka huo huo akafukuzwa. Hansi Flick alishika Bayern Munich Novemba 2019 baada ya Niko Kovač, akathibitishwa, na msimu ukaisha akiwa na mataji matatu makubwa.

Watatu hawa walianza kwa namna inayofanana na wakaishia mahali tofauti. Wiki za mwanzo hazikutabiri lolote, na sababu inaeleweka. Kocha anapofukuzwa, huondoka na lawama. Mchezaji aliyesahaulika benchi hucheza kama anaomba kazi upya. Kaimu hajasajili mtu, hajaandaa timu kabla ya msimu, na hajasimama mbele ya mashabiki baada ya kupoteza mechi tatu mfululizo. Maswali magumu ya kazi hiyo bado hajaulizwa.

3.2 Nyumbani

Hapa kwetu Tanzania tatizo ni jingine. Ulaya wanabishana kama walimpa kaimu mapema mno. Sisi mara nyingi hatufiki hata kwenye ubishi.

Tuchukue Simba. Sven Vandenbroeck aliondoka Januari 2021, Selemani Matola akashika timu, akaja Didier Gomes. Gomes aliondoka Oktoba 2021 baada ya kutolewa na Jwaneng Galaxy, Thierry Hitimana na Matola wakashika, akaja Pablo Franco. Franco aliondoka Mei 2022, Matola akamalizia msimu, akaja Zoran Maki. Maki naye aliondoka Septemba 2022, na safari hii klabu ikamchukua Juma Mgunda kutoka Coastal Union.

Kazi ya Mgunda mnaikumbuka. Nyasa Big Bullets walifungwa 2-0 kwao na 2-0 hapa. Primeiro de Agosto walifungwa 3-1 Luanda na 1-0 Dar es Salaam. Simba wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akatangazwa Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, na Mgunda akawa msaidizi. Baadaye alipelekwa Simba Queens, na Aprili 2024, Abdelhak Benchikha alipoondoka, akaitwa tena kuokoa msimu. Timu ikamaliza ya tatu, ikilingana pointi na Azam waliokuwa juu kwa tofauti ya mabao. Msimu uliofuata akaja Fadlu Davids.

Yanga ni vivyo hivyo. Machi 2021 Cedric Kaze aliondolewa, Juma Mwambusi akashika, Aprili akaja Nasreddine Nabi. Oktoba 2025 Romain Folz aliondolewa baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers, Patrick Mabedi akaongoza mechi ya marudiano dhidi ya klabu ya nchini kwake Malawi, akashinda 2-0 na timu ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Timu ikakabidhiwa Pedro Gonçalves.

Nasema hivi kwa tahadhari: sidai kwamba klabu hizi zilikosea kuleta kocha mwingine. Nabi aliwapa Yanga ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi ya ligi na akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Fadlu aliwafikisha Simba fainali ya kombe hilo hilo 2025. Ninachouliza ni kama kaimu alipimwa kabla ya kurudishwa alikotoka, na kwa kipimo gani.

4.0 Tatizo lenyewe: barua ya kukaimu

Kwa miaka mingi makocha niliowafundisha darasani wameniletea barua zao za kukaimu nizisome. Sitataja klabu, kwa heshima ya kikao hiki. Barua karibu zote zinafanana. Ni nusu ukurasa, mhuri umepigwa pembeni, nafasi ya kumbukumbu namba iko wazi. Mwalimu anaarifiwa kwamba kuanzia leo atakaimu nafasi ya kocha mkuu mpaka hapo atakapoarifiwa vinginevyo, na anatakiwa kazi njema. Basi. Wengine hawapati hata hiyo. Wanapigiwa simu usiku na asubuhi wanakwenda mazoezini.

Ndani ya barua hiyo vitu vitano havimo.

4.1 Muda. Katika utumishi wa umma, kukaimu kumewekewa ukomo wa miezi 6. Kwenye mpira, ambako msimu mzima ni kama miezi 10, kaimu anaachwa bila tarehe. Hajui kama aandae mechi ya Jumamosi au mzunguko wa pili. Kwa hiyo anaandaa ya Jumamosi: anawachezesha wazoefu, kijana hapati dakika, na timu inajilinda kupita kiasi. Baadaye uongozi unasema huyu hana falsafa. Angeipata wapi kwa kazi ya siku moja moja?

4.2 Malipo. Majukumu yanapanda, mshahara unabaki pale pale. Niliwahi kuonyeshwa orodha ya bonasi ya ushindi ambayo mstari wa kwanza ulikuwa bado na jina la kocha aliyefukuzwa, pembeni kumeandikwa sifuri. Aliyepanga kikosi na kushinda mechi alikuwa mstari wa tatu, kwa kiwango cha msaidizi, chini ya kocha wa makipa mwenye mkataba mnono zaidi. Wachezaji nao waliiona orodha hiyo.

4.3 Mamlaka. Nani anapanga kikosi? Kila kiongozi atajibu kuwa ni kocha. Lakini kaimu ndiye anayepigiwa simu kwenye basi akiulizwa kwa nini fulani hayumo. Nyota akichelewa mazoezini, kaimu hana uwezo wa kumkata mshahara wala kumsimamisha. Dirisha dogo likifunguliwa, usajili unafanywa bila yeye kuulizwa, kwa hoja kwamba kocha mpya anakuja na mahitaji yake, hata kama kocha mpya huyo bado hajapatikana.

4.4 Kipimo. Anaambiwa alete matokeo. Matokeo gani? Akishinda, inasemwa timu ilikuwa nzuri tangu zamani. Akipoteza, inasemwa msaidizi ni msaidizi tu.

4.5 Njia ya kurudi. Hakuna mstari unaosema atarudi wapi akishindwa, au hata akishinda. Kocha mpya huja na wasaidizi wake. Aliyeokoa msimu anajikuta hana kiti, na mkataba wake wa zamani haujavunjwa wala hauheshimiwi.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na yakibadilika amjulishe kwa maandishi. FIFA nayo, tangu Januari 1, 2021, ina kanuni za ajira ya makocha zinazotaka mkataba uwe wa maandishi na utaje muda, haki, wajibu na malipo. Ila kanuni hizo zinahusu ajira zenye sura ya kimataifa. Kocha wa kigeni asipolipwa, klabu inasikia kutoka FIFA na inaogopa kufungiwa usajili. Kaimu mzawa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini haendi, kwa sababu anataka kufanya kazi tena kwenye mpira huu huu. Ndiyo maana makaimu wazawa ndio tunaowadhulumu kirahisi.

Kuna pia suala la leseni. Tunaambiwa kaimu hawezi kuthibitishwa kwa kuwa CAF wanataka kocha mkuu mwenye leseni A au inayolingana nayo. Ni kweli, na hata wageni hubanwa: mwaka 2021 Simba walimwongeza Hitimana kwenye benchi kwa kuwa diploma ya Gomes haikukidhi matakwa hayo. Lakini klabu inayomkatalia kaimu imekuwa naye misimu kadhaa ikijua leseni yake ni ipi. Kumnyima ruhusa ya kwenda kozi kila mwaka, kisha kumnyima kazi kwa kukosa cheti, si sababu ya kiufundi.

Haya si mapya, Ndugu Mwenyekiti. Nimeyasema kwenye vikao vya namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara yameingia kwenye maazimio yakiwa ya mwisho, mbele yake kumeandikwa yafanyiwe kazi.

5.0 Jibu la swali

Asipewe timu kwa sababu tu ameshinda, na asinyimwe kwa sababu tu alikuwa msaidizi. Awe mgombea kamili, apimwe na wengine mezani. Uongozi uangalie mambo ambayo jedwali la ligi halionyeshi: mazoezi yake yamebadilika nini tangu ashike timu, wachezaji asiowapanga wanamsikiliza kiasi gani, na akipewa miezi 12 atasajili nani, atamwacha nani, kwa bajeti hii iliyopo. Anayejibu vizuri apewe, hata akiwa amefungwa mechi mbili. Asiyejibu arudi kwa heshima, hata akiwa hajafungwa.

6.0 Mapendekezo

6.1 Kila klabu iwe na barua ya kukaimu iliyoandaliwa mapema, kabla ya kumfukuza mtu.

6.2 Barua itaje muda. Napendekeza siku 60 au mechi 8 za ligi, lolote litakalotangulia.

6.3 Barua itaje posho ya kukaimu, na bonasi ilipwe kwa kiwango cha kocha mkuu.

6.4 Barua itaje mamlaka: kikosi, nidhamu, na kusikilizwa katika usajili.

6.5 Barua itaje kipimo, na kipimo kisiwe pointi peke yake.

6.6 Barua itaje mahali pa kurudi, na mkataba wa awali uheshimiwe.

6.7 Kaimu aitwe kwenye usaili sawa na waombaji wengine, na apewe majibu kwa maandishi.

6.8 Klabu isimthibitishe kaimu katikati ya wimbi la ushindi. Isubiri muda uliowekwa uishe.

6.9 Kila msaidizi wa timu ya Ligi Kuu awe na mpango wa leseni, na ruhusa ya kozi iwe kwenye mkataba wake.

6.10 Mkataba wa kocha mkuu mpya uiachie klabu angalau nafasi moja ya msaidizi, ili kumbukumbu za timu zisiondoke na kila anayefukuzwa.

6.11 Viongozi wasimpigie kaimu simu za kikosi. Nimelisema kwenye 4.3 na 6.4, na narudia.

6.12 Bodi ya Ligi na TFF zifikirie, kwa wakati utakaofaa, kuifanya barua ya kukaimu kuwa sehemu ya masharti ya leseni ya klabu. Bila hivyo, 6.1 hadi 6.6 zitabaki hiari.

6.13 Chama cha makocha kipewe nakala ya kila barua.

7.0 Hitimisho

Klabu itakayofuata haya inaweza bado kumkataa kaimu wake na ikawa sahihi, au kumpa timu na ikakosea. Mpira hauna dhamana. Tofauti ni kwamba uamuzi utakuwa na sababu inayoweza kusomwa, na mwalimu atajua amehukumiwa kwa lipi. Rasimu ya barua, ukurasa mmoja, nimeiacha kwa katibu wa semina. Naomba safari hii isiishie kwenye maazimio. Mwenye klabu yake achukue nakala leo, aijaze jina la klabu, na aipeleke kwenye kikao kijacho cha kamati ya utendaji.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.